Mwenyeheri Niels Stensen: Askofu Aliyeuchunguza Moyo



 Ijumaa ya kwanza ya mwezi uliopita, baada ya kuabudu Ekaristi, tulibaki wachache kanisani hapa Tunduma tukipiga stori za kawaida. Mwenzetu mmoja, dada wa kidato cha tatu, akauliza swali lililotunyamazisha wote. Shuleni wamefundishwa kwamba moyo ni pampu ya damu, basi. Sasa sisi tunaposali Litania ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, tunaiomba pampu?

Wapo waliocheka. Yeye hakucheka. Akaongeza kwa sauti ya chini kwamba mdogo wake wa kiume amezaliwa na tundu kwenye moyo, na nyumbani wanasubiri kuitwa Dar es Salaam kwa upasuaji. Kila usiku mama yao anawasha mshumaa mbele ya picha ya Moyo Mtakatifu, na yeye siku hizi anapiga magoti pale huku hajui anaongea na nani.

Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikaanza kusoma, na katika kusoma nikakutana na mtu ambaye madaktari na wataalamu wa miamba dunia nzima wanamfahamu, ila sisi vijana Wakatoliki hatumjui kabisa. Anaitwa Niels Stensen. Kwenye vitabu vya sayansi utamkuta kwa jina la Kilatini, Nicolaus Steno. Huyu ndiye aliyeonyesha kwamba moyo ni msuli. Na huyu huyu alikufa akiwa askofu Mkatoliki, na leo tunamwita Mwenyeheri.

Kwanza tuelewe damu inavyosafiri

Wewe wa Tunduma unaelewa habari za mzunguko kuliko mtu yeyote. Kila siku malori yanapanga foleni kuelekea Nakonde, upande wa Zambia. Yanatoka bandarini Dar es Salaam na mzigo, yanapita hapa kwetu, mengine yanafika mpaka Kongo, halafu yanarudi na shaba. Lori ni lile lile, linakwenda na kurudi.

Sasa fikiria mtu amekaa kando ya barabara akitazama malori yanayokwenda tu. Akasema malori hayo yakifika huko yanaisha, na kila siku Dar wanaunda mengine mapya. Ungemcheka. Lakini kwa karibu miaka 1,400 wasomi wa Ulaya waliamini hivyo hivyo kuhusu damu. Walimfuata Galeni, tabibu maarufu wa zamani, aliyefundisha kwamba ini linatengeneza damu kutoka kwenye chakula, damu inakwenda viungoni, inatumika, inaisha.

Mwaka 1628 daktari Mwingereza, William Harvey, alifanya hesabu rahisi tu. Alikadiria damu inayotoka kwenye moyo kwa pigo moja, akazidisha kwa idadi ya mapigo. Akaona kwamba ndani ya nusu saa moyo unasukuma damu nyingi kuliko yote iliyomo mwilini. Chakula gani kingetosha kutengeneza damu yote hiyo? Kwa hiyo lazima damu ni ile ile, inazunguka. Mwaka 1661 Mwitaliano Marcello Malpighi akatazama mapafu ya chura kwa hadubini, akaona vimishipa vidogo mno vinavyounganisha njia ya kwenda na njia ya kurudi. Barabara ikakamilika.

Leo tunajua vizuri zaidi. Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Damu iliyotumika inarudi chumba cha juu kulia, inashuka cha chini kulia, inasukumwa mpaka kwenye mapafu kuchukua oksijeni. Kutoka mapafuni inaingia chumba cha juu kushoto, inashuka cha chini kushoto, na hicho ndicho kinachoisukuma mwili mzima. Katikati kuna valvu, ambazo ni kama vizuizi vya barabarani vinavyoruhusu upande mmoja tu. Kwa mtu mzima aliyetulia, moyo unasukuma kama lita 5 kwa dakika. Yaani kwa siku moja ni zaidi ya lita 7,000. Lile tanki la maji la lita 5,000 unaloliona juu ya nyumba za watu, moyo wako unalijaza na kubakiza, kila siku, hata ukiwa umelala.

Lakini Harvey aliacha swali moja bila kulimaliza. Moyo wenyewe ni kitu gani? Hapo ndipo anaingia kijana wetu.

Mtoto wa sonara

Niels alizaliwa Copenhagen, Denmark, mwezi Januari 1638, katika familia ya Kilutheri. Baba yake alikuwa sonara. Akiwa mdogo aliugua kwa miaka kama mitatu, hata hakuweza kucheza na wenzake, akawa anakaa na watu wazima akisikiliza mazungumzo yao, na mengi yalikuwa ya dini. Hajapona vizuri, baba akafariki. Alipokuwa shuleni tauni ikaingia mjini ikaua wanafunzi wenzake wengi sana. Alipoanza chuo kikuu mwaka 1656 kusomea udaktari, haikupita muda vita na Sweden ikaanza na mji ukazingirwa. Ukiona kijana huyu baadaye ana haraka ya kujua ukweli wa maisha, usishangae. Kifo alikijua mapema.

Mwaka 1660 akaenda Uholanzi kuendelea na masomo. Akiwa Amsterdam alipasua kichwa cha kondoo, akakuta mfereji mdogo unaoleta mate kinywani kutoka kwenye tezi iliyo mbele ya sikio. Hakuna aliyekuwa ameueleza kabla yake. Mwalimu aliyekuwa anakaa kwake akadai ni ugunduzi wake yeye, ukazuka ugomvi mkubwa. Kijana wa miaka 22 hakukimbia. Alijibu kwa ushahidi, akaendelea kuchunguza tezi zingine mpaka watu wakaona wenyewe nani anajua. Mfereji ule unaitwa kwa jina lake mpaka leo.

Moyo wa ng'ombe kwenye sufuria

Kutoka Amsterdam akahamia chuo kikuu cha Leiden. Wakati huo wasomi vijana walikuwa wanamshabikia sana René Descartes, mwanafalsafa Mfaransa aliyekuwa amefariki miaka michache tu nyuma. Hata Niels alimkubali. Descartes alifundisha kwamba moyo ni kama tanuri. Ndani yake kuna joto kali, damu ikiingia inavimba kama maziwa yanayofurika, na kuvimba huko ndiko kunakoisukuma nje. Wengine walisema moyo ni kiti cha roho, chanzo cha joto la uhai, kiungo kisichofanana na kingine chochote.

Inasimuliwa kwamba Niels alinunua moyo wa ng'ombe, akauchemsha, akaanza kuuchambua taratibu. Nyama ilipolainika akaona nyuzi zimepangwa tabaka kwa tabaka, zinazunguka kutoka juu mpaka ncha na kurudi. Akaulinganisha na misuli ya kawaida ya wanyama. Kumbe ni kitu kile kile! Kila kilichomo kwenye msuli kimo kwenye moyo, na hakuna kilichomo kwenye moyo ambacho msuli hauna. Hakukuta tanuri wala kiti cha enzi. Alikuta msuli unaojikaza na kulegea, na ukijikaza, damu inatoka. Mwaka 1664, akiwa na miaka 26, akachapisha matokeo yake katika kitabu kuhusu misuli na tezi.

Kama huamini, nenda buchani, nunua moyo wa ng'ombe, uchemshe vizuri, uuchane kwa vidole. Utaziona nyuzi kwa macho yako.

Hebu tutulie hapa kidogo, maana ndipo swali la dada yetu linapojibiwa. Ungetegemea kwamba kijana aliyeuvua moyo heshima yake yote ya zamani angesema basi, hakuna roho, hakuna Mungu, ni nyama tu. Kwake ikawa kinyume. Alijiuliza hivi: kama wakubwa hawa wamekosea kwenye kitu ninachoweza kukichemsha na kukishika, nitawaamini vipi wanapozungumza kwa uhakika mkubwa kuhusu Mungu na roho, vitu visivyoshikika? Baadaye alimsimulia mwenyewe mwanafalsafa Leibniz jinsi moyo ule ulivyomtikisa. Kilichovunjika ndani yake kilikuwa kiburi cha wasomi, imani ikabaki. Tangu hapo akawa mtu wa kusema alichokiona, na kunyamaza pale ambapo hajaona.

Kuna mtoto katika habari hii

Mwaka 1665 alikuwa Paris. Huko akapasua kijusi kilichokufa kabla ya kuzaliwa, na akaona moyo wake haukuumbwa sawasawa. Kulikuwa na tundu kati ya vyumba viwili vya chini, njia ya kwenda mapafuni ilikuwa nyembamba, na mshipa mkubwa wa mwili ulikuwa umekaa juu ya tundu ukipokea damu kutoka pande zote mbili. Akaeleza kwa makini damu ya mtoto yule ilivyokuwa inapita. Zaidi ya miaka 200 baadaye, mwaka 1888, daktari Mfaransa Fallot aliueleza ugonjwa huo kwa ukamilifu, na sasa unaitwa kwa jina la Fallot. Watoto wenye tatizo hili midomo na kucha hugeuka rangi ya bluu kwa kukosa oksijeni ya kutosha.

Leo watoto wa aina hiyo wanafanyiwa upasuaji hapa hapa Tanzania, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Niels hakuweza kumwokoa mtoto yule. Lakini alimtazama kwa heshima, akaandika alichokiona, na uchunguzi wa namna hiyo, mtu mmoja baada ya mwingine, ndio uliofungua njia mpaka ikamfikia mtoto wa Tunduma.

Maandamano ya Livorno

Mwaka 1666 akafika Italia, kwa mtawala wa Florence. Mwezi Juni akiwa mji wa bandari wa Livorno, alishuhudia maandamano ya sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Watu walipiga magoti barabarani Ekaristi ilipokuwa inapita. Yeye Mlutheri alisimama pembeni, na akajikuta hawezi kukwepa swali moja: aidha hiki ni kipande cha mkate na watu hawa wote wamepotea, au kweli huu ni Mwili wa Kristo, na mimi je, kwa nini simheshimu?

Hakubatuka. Hii ndiyo tabia yake ninayoipenda. Alichunguza imani kama alivyochunguza moyo, kwa kutumia muda mrefu akisoma maandiko na mababa wa Kanisa. Walimsaidia wanawake wawili: Sista Maria Flavia del Nero, aliyehudumu kwenye duka la dawa la monasteri ambako Niels alikuwa anakwenda kununua mahitaji yake, na mama Lavinia Arnolfini, mke wa balozi. Mwaka 1667, siku ya Marehemu Wote, tarehe 2 Novemba, akaamua kuwa Mkatoliki. Wengi wetu hapa Songwe tuna ndugu Walutheri na Wamoravian, tunakaa nao meza moja, kwa hiyo tunajua uamuzi kama huo unavyogusa familia. Niels naye aliumia, maana nchi yake yote ilikuwa ya Kilutheri.

Wakati huo huo hakuacha kazi. Alipasua kichwa cha papa mkubwa, akatambua kwamba mawe fulani yaliyookotwa milimani ni meno ya papa wa zamani. Mwaka 1669 akatoa kitabu kinachoeleza jinsi tabaka za miamba zinavyolala moja juu ya nyingine, la chini likiwa la zamani zaidi. Ndiyo maana wanajiolojia nao wanamwita mwalimu wao. Mwaka 1672 mfalme wa Denmark alimwita nyumbani kufundisha anatomia, lakini kwa kuwa alikuwa Mkatoliki hakupewa uprofesa. Mwaka 1674 akarudi Florence.

Msuli unaojitoa

Pasaka ya 1675 Niels akapata upadre. Angalia mwaka huo vizuri. Mwezi Juni wa mwaka huo huo wa 1675, huko Paray-le-Monial, Ufaransa, Mtakatifu Margareta Maria Alacoque alitokewa na Yesu aliyemwonyesha Moyo wake na kuomba sikukuu kwa heshima ya Moyo huo. Sijasoma popote kwamba wawili hawa walifahamiana. Lakini kwangu inagusa sana kwamba katika mwaka mmoja, yule aliyejua kuliko wengine kwamba moyo ni msuli alipanda altareni, na ibada ya Moyo Mtakatifu ikapata ujumbe wake mkubwa. Mungu hakuona mgongano.

Mwaka 1677 akateuliwa kuwa askofu kwa ajili ya Wakatoliki wachache waliotawanyika kaskazini mwa Ulaya, na akaenda Roma kwa miguu. Alihudumu Hannover, kisha Münster. Mwaka 1683, uchaguzi wa askofu mpya wa Münster ulipoingiwa na fedha, hakukubali kuwa sehemu yake, akaondoka akaenda Hamburg. Aliuza pete yake ya kiaskofu na msalaba wake, fedha akawapa maskini. Alivaa nguo chakavu, alifunga kupita kiasi, wenzake wakawa na wasiwasi na afya yake. Leibniz alisikitika waziwazi kuona mwanasayansi mkubwa amekuwa, kwa maoni yake, mwanateolojia wa kawaida tu. Mpaka leo wapo wanaosema alipoteza kipaji. Hilo kila mmoja atapima mwenyewe.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa Schwerin, Ujerumani, kwa kundi dogo la waumini. Huko akashikwa na maumivu makali ya tumbo kwa siku nyingi. Padre aliyetumiwa ujumbe hakuwahi kufika. Akafa mwishoni mwa 1686, tarehe 5 Desemba kwa kalenda tunayotumia sasa, akiwa na miaka 48. Mwili wake ulipelekwa Florence, akazikwa katika kanisa la San Lorenzo. Tarehe 23 Oktoba 1988, Papa Yohane Paulo II akamtangaza Mwenyeheri.

Basi tunamwomba nani?

Dada yangu, nimechelewa, lakini jibu langu ni hili.

Hatuombi pampu. Tunamwomba Yesu mwenyewe, aliye Mungu kweli na mtu kweli. Na kwa sababu ni mtu kweli, alikuwa na moyo wa kweli, msuli wenye nyuzi na valvu kama wako na wa mdogo wako. Ulipiga mbio bustanini Gethsemane. Ijumaa Kuu ulisimama. Kisha askari akamchoma ubavu kwa mkuki. Mungu hakuchukua moyo wa kuchorwa kwenye picha, alichukua ule ule unaochoka na kutoboka. Kwa hiyo ukipiga magoti mbele ya mshumaa wa mama, unaongea na mtu anayejua moyo wenye tundu ni nini.

Na kuna jambo jingine ambalo madaktari wanalijua. Vyumba vya moyo vimejaa damu muda wote, lakini ukuta wake mnene haujilishi kwa damu hiyo iliyomo ndani. Unaitoa nje kwanza, halafu unapokea sehemu yake ndogo, kama asilimia 5, kupitia mishipa yake midogo inayoanzia nje kabisa, kwenye mshipa mkubwa. Tena unaipata zaidi pale unapolegea, kati ya pigo na pigo. Nikifikiria askofu aliyeuza pete yake, naona kwamba aliishi kama kile alichokichunguza.

Wala usidhani elimu hii na imani hii vilikutana Ulaya tu. Panda basi hapa Tunduma uende Sumbawanga, utakuta hospitali yenye jina la Dkt. Atiman. Adrian Atiman alizaliwa karibu na mto Niger, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomeshwa udaktari Malta. Mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akawa daktari na katekista wa watu wale mpaka alipofariki 1956. Asubuhi kugusa mapigo ya mgonjwa, jioni kufundisha katekisimu. Kwake yeye haikuwa kazi mbili zinazogombana.

La kufanya wiki hii

Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wako, hesabu mapigo kwa dakika moja. Kwa kila pigo mtaje mtu mmoja anayehitaji sala, na mgonjwa wa moyo asikosekane. Mkumbuke na mdogo wake dada yetu. Kama kwenu kuna mtu anayelalamika moyo kwenda mbio, kuvimba miguu au kukosa pumzi, usimwishie kwenye sala tu. Msindikize hospitali akapimwe. Na kama wewe ni wa mchepuo wa sayansi na unaogopa kwamba ukisoma sana utapoteza imani, soma.

Ee Yesu mwenye Moyo mpole na mnyenyekevu, ulinde kila moyo unaosubiri kutibiwa, uongoze mikono ya madaktari wetu, na utujalie kuupenda ukweli popote tunapoukuta. Amina.

Mwenyeheri Niels Stensen, utuombee.